Maporomoko Yako Bondeni: Mwongozo wa Kupeleka Familia Matembezini Rungwe na Jirani Zake

Mara ya kwanza tulipowapeleka watoto kwenye maporomoko tulitoka nyumbani Mbeya saa 5 asubuhi, baada ya ibada ya kwanza. Wengine walivaa ndala. Tulikuwa na chupa mbili za soda na mfuko wa maandazi. Kushuka tulishuka kwa nyimbo. Wakati wa kupanda, mwanangu wa miaka sita alikaa kitako katikati ya njia akasema, "Mama, mimi nabaki hapa hapa." Wingu lilikuwa limeshafunga Mlima Rungwe, na dakika kumi baadaye mvua ilishuka. Baba yake akambeba mgongoni, udongo ukageuka sabuni, wakateleza wote wawili. Walifika juu wakiwa rangi moja na njia.

Siku ile nilielewa kitu ambacho sasa ndicho nakipangia kila safari. Ukienda mlimani unapanda ukiwa na nguvu na kushuka ukiwa umechoka. Maporomoko ni kinyume chake. Maji yako bondeni, kwa hiyo unashuka ukiwa mzima, halafu unapanda ukiwa umechoka, umeshiba, nguo zimelowa na watoto wanasinzia. Safari yenyewe ni kurudi. Ukipanga kurudi, kwenda kutajipanga kwenyewe.

Chagua mahali kwa miguu ya mdogo kuliko wote

Usianze na picha uliyoiona kwenye simu. Anza na mtoto mdogo anayetembea mwenyewe na mtu mzima mwenye magoti mabovu, kwa sababu hao wawili ndio watakaoamua mwendo. Mtoto wa kubebwa hanisumbui sana. Anayenipa shida ni wa miaka mitatu hadi mitano, mkubwa mno kwa mbeleko na mdogo mno kwa mteremko.

Kama unao wa umri huo, usikimbilie maporomoko makubwa. Anzia Daraja la Mungu na Kijungu, vyote kwenye Mto Kiwira, jirani na mji wa Kiwira; muulize dereva wa bajaji yeyote pale mjini atakupeleka. Daraja ni jiwe la volkano: lava ilimiminika, ikaganda, na mto ukapata njia chini yake. Kijungu ni mahali ambapo mto mzima unajibana ndani ya mwamba na kuchemka kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Kutembea ni kidogo, ila kingo za Kijungu zinataka mtoto ashikwe mkono muda wote. Eneo liko jirani na chuo cha Magereza, hivyo jitambulisheni getini, na msipige picha majengo wala askari.

Walio Njombe wana bahati ya Maporomoko ya Luhuji, yaliyo mjini penyewe. Mnaweza kwenda baada ya chakula cha mchana mkarudi kabla chai haijapoa.

Watoto wakishafika miaka sita au saba, Kaporogwe ndiyo ninayoipendekeza kwa familia ya Mbeya. Iko kusini mwa Tukuyu, na njia iliyozoeleka ni kupitia Ushirika, kwenye barabara ya Kyela. Maji yanaanguka kama pazia mbele ya pango, na nyuma ya pazia hilo kuna mabaki ya ukuta ambao wenyeji husimulia kuwa ni wa Wajerumani wa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Tukuyu yenyewe Wajerumani waliiita Neu Langenburg, kwa hiyo masimulizi hayo hayashangazi. Mtoto anayesoma historia darasani atakuwa na maswali hadi usiku.

Sanje, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, ni ya vijana na watu wazima wenye mapafu. Maji yanashuka mita 170 hivi, lango kuu ni Mang'ula upande wa Kilombero, na mnaongozana na mwongoza watalii. Familia ya Iringa ilale huko usiku mmoja, isijaribu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kalambo, mkoani Rukwa mpakani na Zambia, inazidi mita 200, na ni ya siku nyingine kabisa.

Mwezi na saa

Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu wa Ziwa Nyasa unapanda, unagonga milima, unamwagika. Ndiyo maana Rungwe kuna migomba, chai na maporomoko, na ndiyo maana pia njia zake huteleza miezi mingi. Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Mei. Likizo ya Desemba, ambayo kila mzazi huiwazia matembezi, ndiyo mtego. Nenda likizo ya katikati ya mwaka. Kuanzia mwishoni mwa Juni hadi Agosti njia zimekauka na mito bado ina maji ya kutosha kuanguka kwa kishindo. Utalipa kwa baridi, maana asubuhi za Juni na Julai huku kwetu zinauma vidole, lakini baridi inatibika kwa sweta. Ukisubiri hadi Oktoba utapata njia nzuri na maji membamba.

Sasa saa. Jua letu huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni, ila bondeni giza hutangulia. Na hata wakati wa kiangazi mawingu ya Rungwe hupenda kukusanyika mchana. Kwa hiyo mimi huandika ratiba kuanzia mwisho. Nataka watu wote wawe juu, kwenye gari, saa 9 alasiri. Kama kushuka ni dakika 40, kupanda na watoto nahesabu mara mbili, dakika 80, naongeza nusu saa ya mapumziko na ya viatu vinavyovuka. Hiyo ni karibu saa mbili. Basi tunaondoka majini saa 7 mchana, hata kama ndiyo kwanza raha imekolea. Tukitaka kukaa majini saa mbili, lazima tufike saa 5. Kuanza kushuka saa 4 na robo. Kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kilomita 70 hivi, na malori ya njia ya Tunduma hayana haraka na ratiba yako, kwa hiyo saa 12 asubuhi tuwe tumeshaondoka kabla foleni ya Uyole haijakaza.

Iandike saa ya kuondoka majini kwenye karatasi, mkabidhi mtoto mkubwa awe "mwenye saa". Watoto wanampuuza mama, ila mtoto aliyepewa cheo hapuuzi kazi yake.

Uliza, lakini uliza vizuri

Ukimuuliza mtu wa kijijini kama maporomoko ni mbali, atakujibu "hapo tu." Hasemi uongo. Kwake ni hapo tu. Uliza kwa namna nyingine: "Mwanafunzi akitoka kule chini kuja shule anatumia muda gani?" Au, "Mama mwenye ndoo kichwani anapumzika mara ngapi?" Jibu la swali hilo la pili ndilo hesabu yako.

Uliza pia kama mvua imenyesha usiku, kama kuna daraja la magogo la kuvuka na liko katika hali gani, na gari linaweza kufika wapi. Ukianza na "Ugonile?", salamu ya Kinyakyusa, kabla ya maswali, ukajibiwa "Ndaga", mazungumzo yatakuwa marefu kuliko ulivyotegemea, na utapata taarifa ambazo hazimo kwenye ramani yoyote.

Mtafute kijana wa pale awaongoze, hata kama njia inaonekana. Pitieni kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji, mkubaliane malipo kabla ya kuanza, na kama kuna kiingilio mdai risiti. Kwenye hifadhi za taifa malipo ni kwa kontroo namba na si fedha mkononi, kwa hiyo ulizia mapema, chukua kitambulisho chako cha taifa upate bei ya mzawa, na kumbuka watoto chini ya miaka mitano hawalipi. Kijana mwenyeji ana faida nyingine ambayo watu hawaihesabu: anaweza kumbeba mtoto kwenye mteremko anaoupanda kila siku bila kuhema.

Usafiri

Kwa familia mbili, kukodi Noah ya kushinda nayo ni nafuu kuliko inavyoonekana, kwa sababu linawasubiri na lina mahali pa kubadilishia nguo. Anayekwenda kwa daladala apande za Tukuyu na Kyela stendi ya Nanenane. Kipande cha mwisho watu hutumia bodaboda. Hapo nina msimamo: mtoto mmoja na mtu mzima mmoja kwa pikipiki, hakuna mshikaki, na kama barabara imelowa tunatembea. Patana na dereva saa ya kuwarudia kabla hajaondoka, mchukulie namba.

Mzigo

Nusu ya kila mnachobeba ni ya kurudi. Mtu mzima abebe lita moja na nusu hadi mbili za maji, mtoto lita moja, na nusu yake isiguswe hadi mnapoanza kupanda. Msitegemee maji ya mto. Hata yakiwa meupe kama kioo, juu yake kuna ng'ombe na nyumba za watu.

Chakula chetu cha njiani hakihitaji duka kubwa. Viazi mviringo vya kuchemsha na chumvi yake pembeni, mayai, karanga, parachichi, ndizi mbivu, chapati zilizofungwa kwenye kitambaa. Ndizi za kupika ziacheni nyumbani, bakuli la mbalaga kwenye mteremko ni kutafuta ugomvi. Chai ya tangawizi kwenye chupa ya chai inyweni mkitoka majini, wakati meno ya watoto yanagongana. Karanga na ndizi mbivu ficha kwa ajili ya kupanda. Nimesema ficha.

Miguuni ni raba zenye meno chini, hata kama ni kuukuu. Yeboyebo zibebwe kwa ajili ya majini tu. Gambuti ni nzuri kwenye tope ila mtoto hatafika nazo mbali, zinavuka na kuchubua. Mavazi ni suruali ndefu, kwa sababu ya upupu na viwavi kando ya njia, sweta, na koti la mvua hata kama mbingu ni nyeupe. Kila mtoto awe na nguo kavu moja kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa.

Kisha khanga mbili. Sijawahi kujuta kubeba khanga. Ni mbeleko, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, ni kitambaa cha kufungia mkono ulioteguka. Na dumu tupu la lita tano, kifuniko kimekazwa, limefungwa kamba ya mita kumi hivi. Nitaeleza kazi yake.

Vitu vidogo: plasta, bandeji, dawa ya maumivu ya watoto, filimbi kwa kila mtoto, tochi, chaji ya akiba ya simu, na ramani iliyopakuliwa kabla ya kutoka mjini, maana mtandao bondeni huja na kuondoka. Mwachie mtu nyumbani ujumbe: tumekwenda wapi, tunarudi saa ngapi, akikosa habari hadi saa ngapi aanze kupiga simu.

Kushuka

Mtu mzima mmoja atangulie mbele ya watoto. Akiteleza mtoto, ataangukia kwenye mtu na hatabingirika bondeni. Mwingine afunge msafara. Bibi au babu apewe fimbo mbili, kwa sababu kushuka kunaumiza magoti kuliko kupanda, na mtu hajui hadi usiku. Piga hatua fupi, kisigino kisitangulie, na kwenye udongo mwekundu uliolowa kanyaga pembeni penye nyasi.

Angalia saa mnapoanza na mnapofika. Kama mlipanga dakika 40 na mmetumia 60, muda wa kuondoka majini unarudi nyuma papo hapo. Pia geukeni nyuma kwenye kila panda njia muone itakavyoonekana mkirudi. Waambie watoto wachague alama: mgomba uliolala, jiwe lenye umbo la kuku. Wanakumbuka kuliko sisi.

Siafu wakikatiza njia, rukeni haraka na msisimame kushangaa. Mikono isiingie kwenye majani wala matundu ya mawe usiyoyaona ndani.

Majini

Hapa ndipo ninapokuwa mkali, na watoto wangu wananiita askari.

Dimbwi lililo chini ya maporomoko linaonekana kama bwawa la kuogelea, lakini halina tabia ya bwawa. Maji yakianguka yanaingiza hewa nyingi, ndiyo ule weupe. Maji yenye mapovu hayabebi mwili vizuri, na hata mwogeleaji hodari anazama mahali ambapo angeelea. Tena yale yanayoanguka yanakwenda chini, yanazunguka, na kumrudisha mtu kwenye ukuta wa maji. Ongeza baridi ya mito yetu, ambayo inakata pumzi. Mtoto aliyekatwa pumzi hapigi kelele. Anazama kimya.

Kwa hiyo familia yangu haiogelei chini ya maporomoko. Tunashuka na mto hadi mahali ambapo maji yametulia, yana uwazi wa kuona mawe chini, na hayapiti goti la mtoto mdogo kuliko wote. Hapo wacheze hadi wachoke. Kabla hawajaingia, mtu mzima aingie kwanza avuke na kurudi. Mawe ya mtoni yana utando wa kijani unaoteleza kuliko sabuni, hivyo hakuna kukimbia na hakuna kuruka kutoka jiwe hadi jiwe. Ukingo wa juu, yanakoanzia kuanguka, hakuna anayeukaribia, awe mtoto au mjomba anayetaka picha.

Wekeni zamu ya mlinzi. Mlinzi ni mtu mzima aliyesimama upande wa chini wa watoto, kule maji yanakokwenda. Hali chakula, hapigi picha, hajibu simu. Dakika ishirini, kisha anapokezana na mwingine kwa kutamka, "Sasa ni wewe." Bila kutamka, kila mmoja anadhani mwenzake anaangalia.

Dumu tupu lako liwe mkononi mwa mlinzi. Mtu akizidiwa na maji, usimfuate. Mrushie dumu, alikumbatie, uvute kamba. Linaelea vizuri na ni bei ya soko.

Na uangalie mto wenyewe. Mvua inaweza kunyesha milimani, mahali mlipo kukiwa na jua, na maji yakaja juu ghafla. Dalili ni maji kugeuka rangi ya chai ya maziwa, majani na vijiti kuanza kuelea, mngurumo kubadilika, au jiwe mlilokuwa mmeliweka alama kumezwa. Ukiona mojawapo, hakuna kukusanya viatu. Pandeni kwanza mahali pa juu, viatu mtajua baadaye. Radi ikisikika, tokeni majini na msijikinge chini ya mti mrefu ulio peke yake.

Pangoni nyuma ya maji, kama Kaporogwe, ingieni mkiwa na mwongoza njia tu, kwa mkono wa mtu mzima, wakati wa kiangazi.

Kupanda

Robo saa kabla ya muda, watoto watoke majini, wavae nguo kavu, wanywe chai. Msile mlo mkubwa muda huo. Okoteni taka zote, na maganda ya ndizi pia.

Mdogo ndiye atangulie na aamue mwendo, wakubwa wafuate. Pumzikeni kabla hajaomba, kila dakika kumi, kwa dakika mbili, mkiwa mmesimama. Hapo ndipo karanga ulizoficha zinapotoka, chache chache, kila mnapoifikia alama mliyoichagua wakati wa kushuka. "Tukifika kwa jiwe la kuku kuna ndizi" imewapandisha watoto wangu kuliko maneno yote ya kutia moyo. Atakayegoma kabisa afungwe mgongoni kwa khanga, maana mtu mzima mwenye mikono huru anaweza kushika miti.

Likitokea la kutokea

Mguu ukiteguka, ufungwe bandeji, viatu visivuliwe kama uvimbe ni mdogo, na mgonjwa abebwe. Mtoto anayetetemeka na kuanza kusinzia, mvue nguo zilizolowa, mfunike pamoja na mtu mzima ndani ya khanga, mpe chai tamu. Nyoka akiuma: msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Mtulize, kiungo kisitikisike, mbebeni hadi hospitali, na msipoteze muda kumsaka nyoka. Mtu akiharisha au kutapika, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Jioni

Mkirudi, simameni Kiwira mnunue ndizi na viazi, mtakuta hamna nguvu ya kupika vya kwenu. Nyumbani wakagueni watoto kupe nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya magoti kabla ya kuoga. Raba zijazwe magazeti makavu, ziwekwe mbali na jiko la mkaa zisipasuke. Kesho yake mapaja yatauma kwenye ngazi. Ya bibi yataanza kuuma siku ya tatu, na atasema ni hali ya hewa.